Kura: Neno Lililofika Bukavu kwa Njia Ndefu

Katika mfuko wa Scrabble ya Kifaransa mna vigae 102, na K ni moja tu. Ina pointi 10. Mfuko wa Kiingereza una vigae 100, K nayo ni moja, lakini pointi zake ni 5. Kwa hiyo neno KURA likipangwa juu ya meza ya Bukavu, mji wa mashariki mwa Kongo uliosomeshwa kwa Kifaransa, lina pointi 13. Likipangwa Mombasa au Arusha, ambako seti ni ya Kiingereza, linashuka hadi 8. Herufi ni zilezile nne, na maana ni ileile.

Tofauti hiyo haikuletwa na neno. Ililetwa na watu waliokaa mbali, wakahesabu herufi za lugha zao, wakaamua kila moja ina uzito gani. Kura yenyewe, ile inayotumbukizwa sandukuni, imepitia mambo ya namna hiyo. Katika Kivu na Afrika Mashariki yote, kwa zaidi ya miaka 60, swali gumu halijawa nani anapiga kura tu. Limekuwa pia nani anaipa kura thamani, na nani anahesabu.

Kabla ya 1900: bahati ndiyo iliyoamua

Neno lilitoka katika Kiarabu, qur'a, yaani kile kinachochomolewa au kutupwa ili bahati iamue. Waislamu wa pwani walilijua kwa visa vya dini: Nabii Yunus aliyepigiwa kura ndani ya jahazi lililoelemewa, na watu waliotupa kalamu zao ili ijulikane nani atamlea Maryam. Walilijua pia katika mambo ya nyumbani. Shamba la marehemu likishakatwa mafungu sawa, kura ilisema fungu hili ni la nani, na ndugu hakuwa na sababu ya kumnung'unikia ndugu yake.

Wamisionari wa karne ya 19 walioandika kamusi za kwanza, Ludwig Krapf wa Rabai na Edward Steere wa Zanzibar, walilikuta neno likiwa na maana hiyo ya kubahatisha. Watafsiri wa Biblia nao wakalichukua jinsi lilivyo. Askari chini ya msalaba waligawana mavazi kwa kura, na mitume walipotafuta wa kushika nafasi ya Yuda, kura ikamwangukia Mathiya. Ndivyo neno moja lilivyoingia msikitini na kanisani bila kugombaniwa.

Asiidharau mtu kura ya bahati akidhani ni mchezo wa watoto. Athene ya kale, inayosifiwa kuwa mama wa demokrasia, iliwapata mahakimu wake wa baraza na watumishi wake wengi kwa kura ya namna hiyo, wakitumia jiwe lenye safu za matundu ya kuchomekea vibao vya majina. Aristotle aliandika kwamba kugawa vyeo kwa kura ni desturi ya demokrasia, na kuwachagua watu ni desturi ya utawala wa wachache. Sababu inaeleweka: mwenye mali na mwenye maneno matamu hushinda uchaguzi, lakini bahati haihongwi.

Maneno ya Ulaya nayo yana asili za ajabu. Huko Venice walipiga kura kwa vitufe vidogo vilivyoitwa ballotta, na kutokana na hivyo Wafaransa wakapata ballottage, duru ya pili ya uchaguzi. Vote lilitokana na Kilatini votum, nadhiri. Scrutin lina asili ya kupekuapekua. Kiswahili kilifanya njia yake. Katika karne ya 20, uchaguzi wa karatasi ulipoingia, hakikuunda neno jipya; kiliongeza maana juu ya lile la zamani. Ni rahisi kuona kwa nini. Aliyezoea kuona vikaratasi vikikunjwa, vikitiwa chomboni na kutolewa mbele ya watu wote, alipoona karatasi ya uchaguzi ikikunjwa na kutiwa sandukuni, alikuwa tayari ana jina lake.

Maana ya kwanza haijafa. Akina mama wanaocheza likelemba, kila mwezi mmoja wao akichukua mchango wa wote, huweza kupanga zamu kwa vikaratasi vilivyokunjwa. Hata wachezaji wa Scrabble, kabla ya kuweka neno la kwanza, huchomoa kila mtu kigae kimoja, na aliye karibu na A ndiye anayeanza. Hiyo ni kura ya Steere na Krapf, haijabadilika hata kidogo.

Misafara, misheni na mji wa Costermans

Kiswahili kiliingia mashariki mwa Kongo kwa miguu ya wachukuzi. Misafara ya wafanyabiashara wa Zanzibar ilivuka ziwa Tanganyika ikafika Maniema, Nyangwe na Kasongo, na jina la Tippu Tip likajulikana hadi Ulaya. Mwaka 1887 aliwekwa kuwa gavana wa Stanley Falls kwa niaba ya dola ya mfalme Leopold. Biashara hiyo ilikuwa ya pembe na ya watumwa, na lugha iliyobaki nyuma yake ilibeba kumbukumbu chungu. Lakini ilibaki. Mapadri Weupe waliifundisha, makarani waliiandika, migodi na kambi za askari zikaieneza.

Bukavu ulijengwa juu ya rasi zinazoingia kusini mwa ziwa Kivu, katika nchi ya Washi, ambako mwami, mfalme wa jadi, hurithi kiti na hapigiwi kura. Wabelgiji waliuita Costermansville, kwa heshima ya ofisa wao Paul Costermans, hadi jina la Bukavu liliporudi katika miaka ya 1950. Mji uligawanywa kwa rangi: Ibanda kwa Wazungu, Kadutu na Bagira kwa Waafrika. Nyumbani watu walisema Mashi, Kirega au Kihavu, sokoni Kiswahili, ofisini Kifaransa. Kila lugha ilikuwa na neno lake la mamlaka, lakini kwa nusu ya kwanza ya karne hiyo hakuna mwenyeji aliyepata kulitumia neno kura kwa kumchagua mtawala.

1957 hadi 1960: kura zenye uzito tofauti

Mabadiliko yalikuja kwa haraka, karibu kila nchi ya eneo hili kwa wakati mmoja, na kila serikali ya kikoloni ilibuni mizani yake.

Kenya ilianza Machi 1957. Waafrika walichagua wawakilishi wanane, ila haki ya kupiga kura ilipimwa kwa elimu, mali na utumishi, na mwenye sifa nyingi aliweza kupewa kura hadi tatu. Jirani yake asiye na sifa hakupewa hata moja. Zanzibar ilifuata Julai mwaka huohuo. Tanganyika ilipiga kura 1958 na 1959 kwa mtindo uliobaki katika kumbukumbu kwa jina la kura tatu: kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, la sivyo karatasi yake iliharibika. Wengi ndani ya chama cha TANU walitaka kususia. Kiongozi wao Julius Nyerere, katika mkutano wa Tabora wa Januari 1958, aliwashawishi wakubali mtego huo ili wautegue kwa ndani, na wagombea waliopata baraka za TANU wakashinda.

Mfano mkali zaidi wa uzito wa kura moja ulitoka Pemba. Katika uchaguzi wa Zanzibar wa Januari 1961, jimbo la Chake Chake lilichukuliwa na chama cha Afro-Shirazi kwa tofauti ya kura moja tu. Bunge zima likakwama, pande mbili zikiwa sawa, na uchaguzi ukarudiwa Juni kukiwa na ghasia na vifo.

Kongo nako, Wabelgiji walianza na miji. Desemba 1957 waliruhusu kura katika Léopoldville, Élisabethville na Jadotville, na Desemba 1958 wakaongeza miji mingine, Bukavu ukiwemo. Kwenye karatasi zao hawakuuita uchaguzi. Waliuita ushauri, kwa sababu neno la mwisho lilibaki kwa mtawala. Waliopiga kura walikuwa wanaume watu wazima peke yao. Mama aliyelisha nusu ya Kadutu kwa biashara yake ya samaki na mihogo hakuhesabiwa.

Hata hivyo mlango ulikuwa umefunguka. Huko Bukavu kilizaliwa chama cha CEREA, ambacho Anicet Kashamura alikuwa sauti yake kubwa, na kampeni zake zilipita vijijini kwa Kiswahili. Uchaguzi wa kitaifa ulifanyika Mei 1960, viti 137 vya bunge, bado bila wanawake. Chama cha Patrice Lumumba kilipata viti vingi kuliko chama kingine chochote, CEREA ikashika nafasi kubwa Kivu, na Kashamura akaingia serikali ya Lumumba akiwa waziri wa habari. Tarehe 30 Juni Kongo ikawa huru.

Serikali iliyozaliwa na kura ile haikumaliza miezi mitatu. Septemba 1960, baada ya Rais Kasa-Vubu kumwondoa Lumumba, mambo ya Kongo yalirudi Baraza la Usalama, na Umoja wa Kisovieti ukapinga azimio kwa veto. Kiswahili kinaiita veto kura ya turufu, jina lililochukuliwa mezani kwa wacheza karata. Anayecheza na herufi ataona jambo jingine: VOTE na VETO ni vigae vilevile vinne, pointi 7 kwa kila moja. Kinachobadilika ni mpangilio.

1931 hadi 1972: waliozipa herufi bei

Wakati wote huo mchezo wenyewe ulikuwa unakua upande wa pili wa dunia. Alfred Mosher Butts, msanifu majengo wa jimbo la New York aliyepoteza kazi katika mdororo mkuu wa uchumi, alianza mapema miaka ya 1930 kubuni mchezo wa maneno. Alihesabu herufi katika kurasa za gazeti la New York Times. Zilizojirudia sana akazipa pointi chache na vigae vingi; zilizoonekana mara chache akazipa pointi nyingi. Aliuita Lexiko, akabadilisha jina mara nyingine, na hakupata mnunuzi. James Brunot aliuchukua, akauboresha, na mwaka 1948 ukasajiliwa kwa jina la Scrabble.

Kifaransa kilipopata seti yake, hesabu ilirudiwa kwa herufi za Kifaransa. K, ambayo Kifaransa huitumia karibu kwa maneno ya wageni peke yake, ikapandishwa hadi 10 pamoja na W, X, Y na Z. Kama hesabu hiyo ingefanywa kwa Kiswahili, K ingekuwa miongoni mwa herufi za bei ya chini kabisa, na vigae vyake vingekuwa vingi. Ni nadra kupata sentensi ndefu ya Kiswahili isiyo na ku, ki, ka, kwa au katika. Mtu anayetaka kupanga KUPIGA na KURA katika ubao mmoja wa Kifaransa ana K moja tu. Asipoyapishanisha maneno hayo kwenye K hiyohiyo, ya pili lazima aikope kwa kigae kitupu kisicho na pointi.

Yapo mengine ya kufurahisha kwa mwenye kupenda hesabu. UCHAGUZI lina pointi 23 kwa seti zote mbili, sawasawa, kwa kuwa U, C, H, A, G, Z na I zina thamani moja huku na kule. SANDUKU lina pointi 17 Bukavu na 12 Nairobi, na kwa kuwa lina herufi saba, anayelipanga lote kwa mkupuo anaongezewa 50. Mgombea ni bora zaidi kwa Waingereza: MGOMBEA lina 14 kwao na 12 kwa Wafaransa, kwa sababu ya M mbili. Maneno ya Kifaransa ya uchaguzi yenyewe ni ya bei nafuu. URNE, sanduku la kura, lina pointi 4 tu. SCRUTIN lina 9, BULLETIN lina 10.

Mchango mkubwa kwa mchezo wa Kifaransa ulitoka Ubelgiji, nchi iliyoitawala Kongo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakili Hippolyte Wouters alichoshwa na ushindi wa kubahatisha, wa mtu aliyechomoa vigae vizuri. Akaanzisha mtindo ambao wachezaji wote, wawe kumi au elfu, wanapewa herufi zilezile kwa wakati mmoja, na kila mmoja anatafuta neno lake bora. Bahati ikaondolewa mezani. Ukabaki uwezo wa kuchagua. Neno kura lilipita njia hiyohiyo, kutoka bahati hadi uchaguzi, ila lilichukua karne nzima.

1965 hadi 1990: kijani, nyekundu na makofi

Kongo ilipiga kura tena mapema 1965, na Novemba 24 mwaka huo jenerali Joseph-Désiré Mobutu akachukua madaraka. Kwa miaka 25 iliyofuata neno kura lilibaki kinywani mwa watu, ila limetolewa kiini.

Katiba ya 1967 ilileta jambo moja la haki ambalo halipaswi kusahauliwa: wanawake walipata haki ya kupiga kura. Waliipata wakati ambapo hakukuwa na cha kuchagua. Uchaguzi wa rais wa 1970 ulikuwa na mgombea mmoja. Mpiga kura alipewa karatasi ya kijani, iliyotangazwa kuwa ya matumaini, na nyekundu, iliyotangazwa kuwa ya vurugu, na alichagua mbele ya macho ya waliosimamia. Matokeo rasmi yalikuwa zaidi ya kura milioni 10 za ndiyo, na 157 za hapana. Katika nchi yenye ukubwa wa Ulaya Magharibi, watu 157. Mwaka 1975 hata karatasi ziliachwa: majina ya wabunge yalisomwa mbele ya umati, na umati ukapiga makofi. Makofi yakahesabiwa kuwa kura.

Majirani nao walikuwa na mitindo yao. Tanzania ya chama kimoja, kuanzia 1965, iliwapa wapiga kura wagombea wawili wa ubunge wa TANU, mmoja akiwa na alama ya jembe na mwingine ya nyumba, ili asiyejua kusoma aweze kuchagua. Wapo mawaziri walioanguka kwa jembe au nyumba. Kenya ya 1988 ilipanga watu foleni nyuma ya wagombea katika mchujo wa chama tawala, KANU, na uchaguzi huo ukaitwa mlolongo. Foleni fupi zilitangazwa kuwa ndefu mchana kweupe, na aibu yake ilisaidia kuleta madai ya vyama vingi.

Mobutu aliachia chama kimoja tarehe 24 Aprili 1990. Mkutano Mkuu wa Taifa, ukiongozwa na Monsinyori Laurent Monsengwo, ulimchagua Étienne Tshisekedi kuwa waziri mkuu Agosti 1992 kwa takriban 71% ya kura za wajumbe. Ilikuwa kura halisi. Mobutu hakuiheshimu.

Bukavu haukungoja uchaguzi, uliingia vitani. Oktoba 1996 waasi wa AFDL waliuteka, na tarehe 29 mwezi huo Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, aliyekuwa akiulilia mji wake dunia nzima ikisikia, aliuawa. Agosti 1998 waasi wa RCD wakauchukua. Juni 2004, kipindi cha mpito kikiwa tayari kimeanza, askari wa Laurent Nkunda na Jules Mutebutsi wakauteka tena kwa siku kadhaa.

2005 hadi 2011: karte mfukoni

Baada ya haya yote, mwaka 2005 maofisa wa Tume ya Uchaguzi, iliyoongozwa na padri Apollinaire Malu Malu, walifika na mashine za kupiga picha na kutoa kadi. Watu zaidi ya milioni 25 waliandikishwa nchi nzima. Kongo haikuwa na kitambulisho cha taifa kilichofanya kazi, hivyo karte ya mchaguzi ikawa ndiyo kitambulisho. Kwayo mtu alifungua akaunti, alipita kizuizini, alivuka Ruzizi kwenda Rwanda kuuza na kurudi. Kwa wakazi wengi wa Bukavu hii ndiyo mara ya kwanza kura kuwapa kitu cha kushika mkononi hata kabla ya kupigwa.

Tarehe 18 na 19 Desemba 2005 waliikubali katiba mpya kwa kura ya maoni; nchi nzima ndiyo zilikuwa zaidi ya 84%. Katiba hiyo, katika kifungu chake cha kwanza, inaweka Kifaransa kuwa lugha rasmi na kuzitaja lugha nne za taifa: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kitshiluba. Tarehe 30 Julai 2006 ukaja uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu 1965. Wagombea wa urais walikuwa 33, na wa viti 500 vya bunge zaidi ya 9,000. Watu walikaa kwenye mulongo tangu alfajiri, wazee wakiletwa na wajukuu. Kivu Kusini ilimpa Rais Joseph Kabila karibu kura zake zote, kwa matumaini kwamba vita vimekwisha.

Matumaini hayo yalikuwa yamepungua sana kufikia 2011. Januari mwaka huo katiba ilibadilishwa ili kufuta duru ya pili, na ballottage ikabaki neno la kamusi. Kura zilipigwa Novemba 28, na baadaye Kabila akatangazwa mshindi kwa asilimia chini ya 49. Vital Kamerhe, mzaliwa wa Bukavu aliyekuwa spika wa bunge kabla ya kwenda upinzani, alishika nafasi ya tatu.

2018: herufi moja

Uchaguzi uliopaswa kufanyika 2016 ulicheleweshwa miaka miwili. Ulipokaribia, Tume ya Uchaguzi, CENI, chini ya Corneille Nangaa ilileta mashine zaidi ya 100,000 zilizotengenezwa na kampuni ya Miru Systems ya Korea Kusini. Mpiga kura angegusa picha ya mgombea kwenye kioo, mashine ingemchapia karatasi, naye angeitumbukiza sandukuni. Kwa Kifaransa iliitwa machine à voter.

Upinzani na vijana wa mitaani walibadilisha kigae kimoja. Machine à voler, mashine ya kuiba. T imetoka, L imeingia, na kwenye ubao wa Scrabble VOTER na VOLER zina pointi zilezile 8, kwa kuwa T na L zote ni za pointi moja. Mchezo huo wa maneno ulienea nchi nzima kwa kasi ambayo hakuna tangazo la Tume lingeweza kuifikia, hata kwa watu ambao Kifaransa chao hakikuvuka mistari michache. Hakuna hoja ya kitaalamu iliyopata kulijibu neno hilo, maana lilisema hofu ya watu kwa herufi moja. Herufi zilezile tano za VOTER zikipangwa upya zinatoa VOTRE, yaani yenu, na hilo nalo lina pointi 8. Lakini 2018 hakuna aliyekuwa na moyo wa kulipanga hivyo.

Kura zilipigwa Desemba 30. Wakazi wa Beni na Butembo waliahirishiwa hadi Machi 2019 kwa sababu iliyotajwa kuwa ni Ebola na usalama, wakati rais angekuwa ameshaapishwa. Vijana wa Beni wakajipangia mistari, wakatengeneza masanduku na kupiga kura za mfano siku ileile ili dunia ione kwamba wapo. Januari 10 Nangaa alimtangaza Félix Tshisekedi, mwana wa Étienne, kwa 38.57%, Martin Fayulu akiwa wa pili kwa 34.83%. Baraza la Maaskofu, lililokuwa na waangalizi takriban 40,000, likasema takwimu hizo hazilingani na ilizokusanya. Tume haikutoa matokeo ya kila kituo, na bila hayo hakuna aliyeweza kupiga hesabu tena kwa mkono wake.

Mwaka 2015 dunia ya Scrabble ilishuhudia jambo linalofaa kukumbukwa hapa. Nigel Richards wa New Zealand alishinda ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa, huko Louvain-la-Neuve, Ubelgiji, akimshinda Schelick Ilagou Rekawe wa Gabon kwenye fainali. Richards hakujua kuzungumza Kifaransa, alikariri kamusi. Mezani hilo ni haki yake, na ni ajabu ya akili ya binadamu. Katika nchi, maneno yakihesabiwa bila maana zake, watu huumia.

2023 hadi sasa

Desemba 20, 2023 mashine zilirudi, na mahali pengi kura ziliendelea siku zaidi ya moja kwa sababu vifaa vilichelewa. Wino wa kadi mpya za wachaguzi ulikuwa unafutika, hata baadhi ya watu wakalazimika kutafuta nakala. Daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi, Bukavu, mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya 2018, aligombea urais akapata 0.22%. Tshisekedi alitangazwa kwa zaidi ya 73%. Wiki chache baadaye CENI yenyewe ilifuta kura za wagombea 82 wa mabunge kwa udanganyifu, baadhi wakituhumiwa kukutwa na mashine za kupigia kura.

Siku tano kabla ya uchaguzi huo, Corneille Nangaa, mtu aliyeileta mashine, alitangaza mjini Nairobi muungano wa kisiasa na kijeshi wa AFC pamoja na waasi wa M23. Januari 2025 Goma ulianguka. Katikati ya Februari 2025 wapiganaji wao waliingia Bukavu. Muungano wa mwenyekiti wa zamani wa Tume ya Uchaguzi uliingia mjini kwa bunduki, na wenyeji, waliosimama mulongo katika chaguzi nne kuanzia 2006, hawakuulizwa.

Uchaguzi mkuu unaofuata unatarajiwa 2028. Sheria ya Kongo inataka matokeo ya kila kituo yabandikwe nje ya mlango wake baada ya kuhesabiwa. Watakaopewa kazi ya kuusimamia, na watakaoishi Bukavu siku hiyo, wasiikubali tarakimu yoyote ya taifa kabla karatasi hizo hazijabandikwa, hazijapigwa picha na kujumlishwa upya na wananchi wenyewe, Kadutu, Ibanda, Bagira na kila kijiji cha Kivu, kwa lugha wanayoielewa.